Nyota Kwenye Paji la Mtamba

Garsen,
13 Januari 2025

Shangazi Rosina,

Hodi huko Madogo. Hongera kwa mjukuu, na dada Charity mpe pole na hongera kwa pamoja, azigawe mwenyewe. Ningepiga simu lakini najua ungekata, maana kwako simu ni ya kutangazia misiba na mambo mengine yote yaandikwe. Basi nimeandika, na barua nimempa kondakta wa basi.

Studio i salama. Nimefagia, nimelifua pazia la buluu na halikuchujuka, na wanafunzi wanakuja kupiga picha za paspoti. Napiga vilevile ulivyonifundisha: jua mgongoni mwangu, uso wa mteja mbele, miguu yote ndani ya picha mpaka viatu. Hakuna nilichobadilisha.

Kuna jambo moja tu linanikosesha raha. Juzi alikuja yule bwana wa dawa za mifugo, akapima mlango kwa utepe, akauliza kama ukuta wa chumba cha giza unaweza kuvunjwa. Nikamwuliza ametumwa na nani, akasema mmeshazungumza. Shangazi, mimi tangu baba anilete kwako kutoka Kilelengwani sijui kazi nyingine. Ulipopanda basi ukanipa ufunguo, nikadhani umeniachia studio, kumbe labda umeniachia kufagia tu. Niambie ukweli hata ukiwa mchungu.

Kikombe chako sijakitumia.

Mwanao,
Griffin


Madogo,
17 Januari 2025

Griffin mwanangu,

Barua yako imefika ikinuka samaki, lakini imefika. Mtoto hajambo, analia kama amedhulumiwa shamba.

Sasa nikwambie kwa nini sitaki simu. Kwenye simu una sauti tamu na mimi ni mtu wa kuamini sauti. Kwenye karatasi huniwezi. Maandishi yako yakisema kweli husimama wima, na ukidanganya hulala upande wa kulia kama migomba baada ya mafuriko. Hapo uliposema hakuna ulichobadilisha, yamelala kabisa.

Jana aliteremka hapa mwalimu Nyevu, amekuja kumtembelea dada yake. Akanionyesha picha ya ubatizo wa mwanawe, yenye muhuri wangu nyuma: Rosina Studio, Garsen. Hatuongezi, Hatupunguzi. Nikavaa miwani. Mtoto nikamwona, mchungaji nikamwona. Lakini nyuma ya sikio la mchungaji kuna jua zima limeingia ndani ya picha, na kutoka hapo maduara ya rangi, moja la kijani, moja la waridi, yameteremka kwa mstari mpaka kwenye beseni la ubatizo. Nikamwambia, "Mwalimu, pole sana, kijana ameharibu." Akaniambia, "Pole ya nini? Kanisa zima wanataka kama hii." Nikamrudishia picha kwa adabu, maana nilikuwa mgeni kwa mkwe.

Mwanga ni wa kumulika uso, Griffin. Si wa kuingia kwenye picha kama mtu asiyealikwa harusini.

Kuhusu bwana wa dawa, ni kweli tumezungumza. Macho yangu yamechoka na magoti pia. Charity atarudi kazini mwisho wa mwezi wa pili, na mimi nitarudi Garsen. Siku hiyo nitaamua: ama studio iwe yako, ama iwe duka la dawa za minyoo. Jina lile nimelijenga tangu hujazaliwa, na watu wananiamini kwa sababu wakija na pua kubwa wanaondoka na pua kubwa. Nikiona umelilinda, utalipata. Sasa niambie unapiga na kitu gani.

Shangazi yako,
Rosina


Garsen,
21 Januari 2025

Shangazi,

Ona, maandishi yamesimama wima.

Ni lenzi ya zamani. Nilikwenda Mombasa kununua wino wa mashine, nikapita kwa mzee mmoja anayeuza vitu vikuukuu, redio na pasi za makaa, nikaiona imelala kwenye sahani. Ni ya Kirusi, ya enzi za filamu, nzito kama jiwe la kusagia, na herufi zake hazisomeki. Nikanunua na pete ya kuiunganisha na kamera yetu. Kulenga ni kwa mkono, unazungusha polepole mpaka jicho la mtu litulie.

Lenzi za siku hizi zimepakwa kitu cha kuzuia mwanga usirukeruke ndani. Hii haina, au ilikuwa nayo ikafutika. Ukimweka mtu mbele ya jua, jua likamchungulia kwa nyuma, mwanga unaingia kwenye vioo, unagonga huku, unagonga kule, na kila unapogonga unaacha duara. Wengine wote wanaliita kosa. Mimi nikiliona moyo unanidunda, shangazi, na sioni haya kukwambia. Nywele za mtu zinazungukwa na uzi wa dhahabu. Vumbi letu la Garsen, hili tunalolitukana kila siku, linang'aa. Mara ya kwanza nilipompiga muuza maembe wa stendi kwa namna hiyo, aliitazama picha akaniuliza, "Huyu ni mimi wa lini?"

Najua utasema usiache mbachao kwa msala upitao. Sijauacha. Picha za paspoti napiga kwa lenzi yako. Hii ni kwa wanaotaka.

Na wanaotaka ni wengi. Hata Duba amekuja, yule rafiki yangu Muorma anayenunua na kuuza ng'ombe hapa mnadani. Anaoa binti anaitwa Kadra, na baba wa Kadra anakaa huko huko kwenu, nje kidogo ya Madogo. Mahari wamemaliza. Kilichobaki ni mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, ambaye kwa ukoo wao baba wa binti humchagua mwenyewe kwa macho yake. Mzee hawezi kusafiri, kwa hiyo Duba akaniomba niwapige picha mitamba watatu, wawili weupe na mmoja mwekundu, tumpelekee mzee achague. Nimewapiga jioni, wakitoka kunywa maji, jua likiwa nyuma yao. Shangazi, hata wewe ungewaoa.

Griffin


Madogo,
27 Januari 2025

Griffin,

Mtu haoi mtamba. Tuanze hapo.

Nimeisoma barua yako, nikamsomea Charity, akalia, lakini Charity siku hizi analia hata uji ukimwagika, kwa hiyo usijivune. Nakubali unaipenda kazi. Sijawahi kukuona ukiandika mistari mingi hivyo kuhusu kitu kisicholiwa.

Basi sikiliza sharti langu. Vijana, maharusi, wachungaji, wapige na jua lako kama wanalitaka. Lakini picha mbili sitaki uzichezee. Ya kitambulisho, kwa sababu askari hajui sanaa. Na ya mnyama, kwa sababu mtu ananunua anachokiona. Binadamu ukimwongezea duara atakushukuru. Ng'ombe ukimwongezea duara, umemuuza ng'ombe mwingine. Hawa Waorma wana majina mengi ya rangi za ng'ombe kuliko sisi tulivyo na majina ya ndizi. Wapige tena wale mitamba, jua mgongoni mwako, uwapelekee picha safi.

Rosina


Garsen,
30 Januari 2025

Shangazi mpenzi,

Nimekusikia kuhusu mifugo. Ni ushauri mzuri sana na nitaufuata siku zote zijazo.

Mzee amekwisha kuchagua. Amemtaka yule mwekundu, na Duba amefurahi kwa sababu wale weupe anawapenda zaidi. Mtamba amepakiwa kwenye lori la ng'ombe wa mnada wa Garissa na atateremshwa Madogo. Nikahi ni Ijumaa ya tarehe 21 Februari, kabla ya mfungo. Kila kitu kinakwenda vizuri. Jua ni kali. Pazia liko safi.

Griffin

Maandishi yamelala kwa sababu meza ni mbovu.


Madogo,
5 Februari 2025

Griffin,

Meza ile niliitengeneza mimi na haina ubovu wowote.

Nakuandikia nikiwa uani, na nyuma yangu amefungwa mtamba mwekundu kwenye mlingoti wa kamba ya nguo ya Charity. Amekula nepi mbili za mtoto na nusu ya kitenge changu. Kaa chini usome.

Asubuhi nilisikia hodi ya fimbo. Nikatoka, nikamkuta mzee mrefu mwembamba, kofia safi, na nyuma yake mnyama huyu. Akaniuliza, "Wewe ndio Rosina ya Garsen?" Nikasema ndiye. Akatoa picha mfukoni, akaigeuza, akanionyesha muhuri. Mjukuu wake alikuwa amemsomea. "Hapa imeandika nini?" Nikasoma: Hatuongezi, Hatupunguzi. Akaigeuza upande wa pili. Mtamba mwekundu, vumbi la dhahabu, na katikati ya paji, wazi kama kifungo cha shati, nyota nyeupe ya mviringo. Akanisogezea yule mnyama mpaka pua yake ikanigusa. "Sasa nionyeshe nyota. Tafuta. Mimi nimetafuta tangu jana, macho yangu iko mzee."

Nikatafuta, Griffin. Mwanamke wa umri wangu nimemshika ng'ombe kichwa nikimpapasa paji kama ninayetafuta chawa.

Anaitwa mzee Barisa. Nikamkaribisha chai, akakataa kuketi, kisha akaketi. Akaniambia ule mwaka wa kiangazi kikubwa alipoteza karibu zizi lote, na wa mwisho kufa alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye nyota. Kadra alikua kwa maziwa ya ng'ombe huyo, mama yake alipofariki. Alipoiona picha yako aliishika mkononi siku nzima. Hakuchagua mtamba, mwanangu. Alidhani amerudishiwa kitu. Alipokuwa anasimulia, mimi nilikuwa natazama ndani ya kikombe changu, na hapakuwa na kitu cha kutazama humo.

Sasa anasema mambo mawili. La kwanza, Duba amemficha mwenye nyota akaleta mwingine, na mtu anayebadilisha ng'ombe atabadilisha na mke. Hakuna nikahi mpaka mwenye nyota aje. La pili, huyu asiye na nyota hampokei, anamrudisha kwa aliyemtengeneza. Muhuri unasema ni mimi. Akamfunga hapo akaondoka.

Nilimwambia ni mwanga tu. Akanijibu, "Mama, jua mimi namjua zaidi ya wewe. Hajawahi kuweka nyota kwa ng'ombe yangu hata moja."

Griffin, ilitokea kwa bahati mbaya, au uliiweka? Jibu wima. Harusi hii ikivunjika kwa ajili ya picha yetu, hakuna mfugaji atakayekanyaga mlango ule tena, na sitakuwa na sababu ya kumkatalia bwana wa dawa.

Rosina


Garsen,
8 Februari 2025

Shangazi,

Niliiweka.

Duara lilikuwa limeangukia begani. Nikasogea kushoto kidogo, likapanda shingoni. Nikachuchumaa, likaja katikati ya paji kama lilikuwa linapatafuta hapo, na mimi nikabonyeza. Niliona limependeza. Sikufikiria kwamba kuna mtu ataisoma picha ile kama unavyosoma cheti. Naona aibu, na zaidi naona aibu kwa ajili ya mzee, maana mimi nilikuwa najifurahisha na yeye alikuwa anaomboleza.

Nilitaka kupanda basi siku ileile nije nimweleze. Siwezi. Duba ameketi kwenye benchi la wateja tangu juzi, fimbo magotini. Ananiambia bila hasira, na ndiyo inayonitisha, "Griffin, wewe iko rafiki yangu. Lakini ukitoka Garsen mimi nitajua umetoroka." Namletea chai. Wateja wanadhani ni mlinzi, na kusema kweli foleni haijawahi kunyooka hivi. Jana alikuja na wazo la kununua chokaa, aje huko amchore mtamba nyota. Nikamwambia mvua ikinyesha ataoa mara ya pili. Akakaa tena. Kadra amempigia simu analia, na baada ya simu hiyo Duba aligeuzia uso ukutani, kwenye lile pazia la buluu.

Kwa hiyo nakutumia kamera pamoja na lenzi zote mbili, zimo ndani ya ndoo ya mafuta ya kupikia, nimezifunga kwa taulo. Kondakta nimemwambia ni mayai. Mzee hawezi kuamini maneno, lakini ataamini akiona jua likifanya kazi mbele yake. Itabidi upige wewe.

Ngoja saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini. Mpange mtamba alipe jua mgongo, nawe ulitazame. Ndiyo, wewe ulitazame jua, shangazi, samahani. Usilitie katikati, maana litameza kila kitu. Lifiche nusu nyuma ya pembe au bega, lichungulie. Mdomo wa lenzi usiuzibe wala kuufunika kwa kiganja kama ulivyozoea. Zungusha pete ya mbele mpaka jicho la mtamba litulie. Utaona maduara. Ukienda kulia yanakwenda kushoto, ni makaidi, kwa hiyo sogea kidogo sana, nusu ya wayo. Mwonyeshe mzee kwenye kioo cha nyuma cha kamera kila unapopiga, ili aone nyota inatembea na mtamba amesimama palepale.

Naomba usiiangushe. Nilitaka kuandika naomba usiichukie.

Griffin


Madogo,
13 Februari 2025

Griffin mwanangu,

Mayai yamefika.

Nilimtuma jirani akamwite mzee Barisa. Alikuja na Kadra, na wazee wenzake wawili wa kushuhudia, na kwa kuwa ni Madogo, walikuja na wengine ambao hawakuitwa. Charity alisimama mlangoni na mtoto. Nikamfungua mtamba kamba, nikamgeuza, mimi nikakabili jua. Tangu nianze kazi hii sijawahi kulipa uso jua nikiwa na kamera. Machozi yalinitoka, watu wakadhani najuta.

Picha ya kwanza ilikuwa nyeupe tupu. Mzee mmoja akasema, "Hii ni wingu." Ya pili jua lilikaa nyuma ya nundu, na mara maduara yako yakatokea, mstari mzima. Nyota ilikuwa tumboni. Nikamwonyesha mzee Barisa. Akatazama kioo, akainama kumtazama mtamba tumbo. Nikasogea. Nyota ikapanda ubavuni. Akatazama tena, akaenda akapapasa ubavu. Nikasogea, ikamtoka mtamba kabisa ikamkalia mzee mwenyewe puani, kwa sababu alikuwa amesimama karibu mno. Nikampa aone. Wenzake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Kadra alijifunika mtandio uso mzima, mabega yanatikisika. Mzee alijigusa pua, taratibu.

Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo mtu anaweza kuiweka pale anataka?" Ningeweza kumwambia ni bahati, na mambo yangeishia hapo. Lakini nikamwambia ukweli. Anaweza. Mtoto wa kaka yangu aliiweka kwenye paji kwa sababu aliona imependeza, hakujua habari ya ng'ombe wako, na Duba hakujua chochote. Akauliza, "Kijana yako anajua ng'ombe?" Nikasema hajui hata kidogo. Akasema, "Lakini alijua mahali pa nyota."

Hapo akanipa amri. Akamwita Kadra, akasimama yeye upande huu na binti upande ule, mtamba katikati, akaniambia niirudishe pale ilipokuwa. Ilinichukua muda. Mtamba alikuwa anatafuna kitu cha Charity. Nilichuchumaa kwa magoti haya, Griffin, nikasogea nusu ya wayo, na tena nusu ya wayo, na ikaja. Nikabonyeza.

Aliitazama, kisha akamtazama mtamba. Akasema, "Huyu hana nyota. Nimeona sasa. Nyota ikae kwa picha, maziwa itatoka kwa huyu." Akaichukua kamba mkononi mwangu. Nikahi ipo Ijumaa ileile. Ametoa sharti moja tu, kwamba picha za bibi harusi nizipige mimi, na uso wa Kadra usiwekwe mwanga wowote wa kuongeza, ili Duba asije kurudi baadaye kusema alichagua mwingine. Mwambie Duba ainuke kwenye benchi langu.

Jambo moja zaidi, na nalisema kwa kuwa limenigusa. Nilipozitazama picha zile usiku, niliona mzee Barisa amefungua macho. Macho makubwa, ya upole. Kadra vilevile. Mimi nimewapanga watu wakabili jua miaka yote, nikawaambia tazama hapa, na wote wamekunja uso. Nusu ya Tana River wana vitambulisho vya watu wenye hasira, na hawakuwa na hasira hata kidogo. Lilikuwa jua langu.

Rosina


Garsen,
17 Februari 2025

Shangazi,

Duba ameinuka. Nilimsomea barua yako, na tulipofika kwenye ile sehemu ya pua aliniomba nirudie, kisha akaenda kununua viatu. Benchi limebaki na umbo lake.

Sijui nikushukuru vipi. Umelitazama jua kwa ajili yangu, na hilo silisahau. Nikahi ikipita, naomba unirudishie kamera na lenzi kwa basi lolote. Vijana wa kwaya wanakuja Alhamisi ile inayofuata, na nimewaahidi jua.

Pia yule bwana wa dawa amepita tena. Safari hii alipima dirisha.

Griffin


Madogo,
24 Februari 2025

Griffin,

Nikahi imefungwa. Nimempiga Kadra picha kwa lenzi ya kawaida kama nilivyoagizwa, uso safi, miguu na hina mpaka vidoleni, na baba yake akakagua kila moja akilinganisha na binti mwenyewe. Duba alisimama kama aliyemeza fimbo yake. Walipokwisha, mzee Barisa akanishika mkono mbele ya watu akasema huyu mama haongezi wala hapunguzi ila ukimwomba. Kwangu hilo ni zaidi ya malipo.

Sasa maamuzi. Bwana wa dawa nimempigia simu, na unajua simu yangu ni ya misiba. Nimemwambia apeleke minyoo yake kwingine. Studio ni yako. Nimeandika karatasi mbele ya Charity na mumewe, utaikuta ndani ya bahasha hii. Nimekupa kwa sababu nilikuuliza kama uliiweka na ukajibu kwa neno moja, wima. Wewe sasa ndiye mwenye muhuri, na ukitaka kuubadilisha maneno uubadilishe, ila sharti la vitambulisho na wanyama libaki.

Kamera na lenzi ya kawaida nakutumia kwa basi la kesho. Lenzi ya Kirusi sikutumii.

Usilalamike kabla hujamaliza kusoma. Charity amenipatia chumba cha mbele, kinatazama barabara, na jioni jua linaingia moja kwa moja. Mumewe amenitafutia kamera ya mtumba inayoipokea lenzi hii. Magoti yangu yanauma hapa kama yanavyouma Garsen, kwa hiyo sioni sababu ya kuyasafirisha. Tangu siku ile watu wanapanga mstari. Jana mtu alileta mbuzi, nikamwuliza ni wa kuuza, akasema ndiyo, nikamwambia anayeuzwa hapigwi na jua. Akasema basi si wa kuuza. Nimempiga. Mimi nilifikiri nimechoka na kazi, kumbe nilichoka na upande mmoja wa jua. Nimepata upande wa pili nikiwa bibi mwenye mjukuu, na siwezi kuuachia.

Wewe una miguu na ujana, utapata nyingine. Hata hivyo nisamehe kidogo.

Rosina


Garsen,
28 Februari 2025

Shangazi,

Karatasi nimeipokea. Nimeisoma, nikafunga mlango, nikaketi kwenye kiti chako, nikalia, kisha nikafungua kwa sababu kulikuwa na mteja wa paspoti.

Nilipofungua ndoo nikakuta kamera na lenzi yako ya kawaida tu, zimefungwa kwa taulo, niliumia. Sitakuficha. Nimefurahi na nimeumia kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilitangulia. Nilikuwa mpiga jua bila studio, na leo nina studio bila jua. Nimekwenda kwa kondakta nikamwuliza kama hakuna mayai yaliyobaki kwenye buti. Amesema hakuna.

Kwaya walikuja. Niliwapiga kwa lenzi yako ya kawaida, safi, kila mtu na viatu vyake. Walishukuru kwa adabu kama watu waliopewa wali bila mchuzi.

Leo asubuhi wameingia Duba na Kadra. Kadra amesema sasa ameshaolewa na hakuna wa kurudishana, kwa hiyo anaitaka ile picha ya jua, nywele za dhahabu na maduara yote, na nyota juu ya Duba popote itakapomfaa. Nimewaketisha kwenye benchi. Nimeitazama kamera yangu na lenzi yake nzima isiyo na kosa, nikajua siwezi kuwapa wanachotaka, na mtu anayeweza yuko Madogo. Ningewapiga hivyohivyo wasingejua. Nikawaambia.

Wamepanda basi la saa nne, na barua hii wanayo wao. Wapokee vizuri, ni wateja wangu wa kwanza wa jua tangu nipewe studio. Kadra anapenda akae upande wa kulia, na Duba asimame asiketi, maana akiketi haondoki.

Mwanao,
Griffin
Rosina Studio, Garsen